Mimi Ndiye Waya

Jumatatu, 9 Juni

Nimejiponza. Naandika haraka kabla hofu haijanipotezea maneno.

Kikao cha asubuhi. Meneja kaweka boksi mezani, kalifungua mwenyewe, hataki mtu amsaidie. Ndani mna skrini. Ya kugusa kwa kidole, rangi zote, ukubwa wa sinia. Akasema hakuna tena kubonyeza vitufe vya kizamani kwenye tangi la kupikia sabuni. Mwendeshaji atagusa picha tu. Kilichobaki ni mtu wa kuiunga skrini hiyo na kidhibiti.

Kidhibiti ni lile kasha la kijivu ndani ya kabati la umeme, pembeni mwa tangi. Ndilo linaloamuru mvuke uingie, kikorogeo kizunguke, valvu zifunguke. Linajua kila kitu lakini halina mdomo. Skrini ina mdomo lakini haijui kitu. Unapitisha waya kati yao, wanasalimiana, kazi imekwisha. Ndivyo nilivyoelewa mimi.

Meneja akauliza itachukua muda gani. Miwani akasema wiki mbili. Miwani ni fundi mwenzangu. Ana miwani moja puani na nyingine kwenye paji la uso, na husoma maelekezo ya kila kitu, hata ya kiberiti. Akaanza kueleza kwamba atasoma kitabu, atajaribu kwanza na maji matupu, ndipo sabuni ipikwe. Nikacheka kwa sauti. Nikasema mimi nitamaliza Jumatano.

Hakuna aliyeniuliza! Ila kiti cha fundi mkuu kiko wazi tangu mwenyewe astaafu, na siku hizi meneja akikitazama kiti hicho hunitazama mimi, kisha humtazama Miwani, kisha hukitazama tena kiti. Mtu ufanyeje?

Shemeji alipiga makofi. Huyu ni kaka wa mke wangu, mwendeshaji wa tangi, anaishi kwetu chumba cha uani. Ndiye aliyeniombea kazi pale kiwandani. Tulipofika nyumbani alimsimulia dada yake kabla sijavua viatu. Mke wangu akampigia simu mama yake. Sasa mama mkwe anajua, kwa hiyo hakuna kurudi nyuma.

Maishani mwangu sijawahi kuunga skrini na kidhibiti. Niliwahi kuunga redio na betri ya gari. Majirani walisaidia kuzima moto.

Jumanne, 10 Juni

Utepe mwekundu. Siku nzima utepe mwekundu juu ya skrini, na maandishi: HAKUNA MAWASILIANO.

Nimepitisha waya. Nimegeuza ncha za waya. Nimebadilisha waya. Nimeukaza, nimeulegeza, nimeubembeleza. Skrini inauliza kasi ya kuongea, nimeipa zote. Inauliza namba yake, nimeandika moja. Nani hataki kuwa wa kwanza? Utepe haukubanduka.

Miwani akapita. Akauliza kwa upole kama ningependa kuazima kitabu cha maelekezo. Pia anayo kompyuta ya kuchungulia ndani ya kidhibiti, niseme tu. Nikamwambia nimeshamaliza, nafuta kioo. Ikabidi nikifute kioo mpaka alipoondoka. Alichukua muda mrefu kuondoka, na nadhani alifanya makusudi.

Lakini si Miwani anayeninyima usingizi. Ni tangi. Mle ndani mna mafuta na soda kali, vinachemka pamoja. Joto likifika nyuzi themanini na kitu, sabuni inaiva. Likizidi sana, sabuni inafura kama maziwa jikoni, inapanda, inamwagika. Na soda kali haina adabu. Mwaka jana mtu alisahau kiatu kwenye jukwaa la tangi, mwagiko mdogo tu ukapita, tukakuta kamba na nusu ya soli.

Pembeni ya tangi hilo, siku nzima, amesimama Shemeji. Nikimtazama namwona dada yake nyuma yake, amekunja mikono.

Jumatano, 11 Juni

Asubuhi nilikuwa nimeshatunga barua ya kuugua. Nikaigusagusa skrini mara ya mwisho, kwa hasira, nikaangukia ukurasa sijawahi kuuona. Umeandikwa MAONYESHO. Nikagusa.

Utepe mwekundu ukatoweka. Tangi la picha likajaa. Taa za kijani. Joto themanini, themanini na moja, likapanda mpaka themanini na sita, likashuka tena taratibu. Kikorogeo kikazunguka. Kumbe skrini inaweza kujisemea yenyewe! Haijui chochote kuhusu tangi letu, inaota ndoto tu ya tangi, lakini ndoto yenyewe nzuri sana. Hiyo ni kwa ajili ya wauzaji, wakitaka kumvutia mteja dukani.

Nikamwita meneja. Alisimama mbele yake kama mtu aliyeonyeshwa mjukuu. Watu wakapiga makofi. Miwani akashusha miwani ya pajini, akaiweka juu ya ile ya puani, akatazama. Akauliza kwa nini kikorogeo cha skrini kinazunguka kushoto na cha tangi kinazunguka kulia. Nikasema ni mambo ya kioo. Meneja akasema tuache wivu.

Nia yangu ilikuwa kupata siku moja tu ya kuvuta pumzi. Niandike hivyo, Mungu ni shahidi. Ila meneja akamgeukia Shemeji, akamwambia apike. Sasa hivi. Mafuta ya kweli, soda ya kweli.

Miguu ilinipeleka yenyewe nyuma ya kabati la umeme. Vile vitufe vya kizamani nilikuwa nimevifungua mbele na kuvining'iniza huko nyuma. Waya zake bado zimeshika kidhibiti. Shemeji akagusa mvuke kwenye skrini. Ikalia tii. Nikabonyeza kitufe cha mvuke nyuma. Mvuke ukaingia. Akagusa koroga, ikalia tii, nikabonyeza koroga. Tukapika namna hiyo mpaka mwisho, yeye mbele, mimi nyuma, jasho likinitiririka mpaka kwenye soksi.

Walikosa waya. Wameupata. Waya ni mimi.

Alhamisi, 12 Juni

Tatizo la leo: tii zote zinafanana. Nyuma ya kabati nitajuaje Shemeji kagusa nini?

Nimetunga sheria ya usalama. Nimemwambia Shemeji kwamba kwa mitambo ya kisasa, mwendeshaji hutangaza kwa sauti kabla ya kugusa. Nafungua mvuke. Nakoroga. Naongeza soda. Shemeji ni mtu mwaminifu, alitangaza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Meneja akasikia, akauliza ni nini, akaelezwa, akapenda. Mchana akaamuru kiwanda kizima kifuate. Sasa mlinzi anatangaza kwamba anafungua geti. Karani anatangaza kwamba anafunga droo. Mpakiaji mmoja alitangaza kwamba anaenda chooni, na sikuona mtu wa kumlaumu isipokuwa mimi.

Huku nyuma nimejipangia. Kigoda, mto, chupa ya chai. Kioo kidogo cha mke wangu nimekibandika kwenye bomba ili niione skrini. Kwenye upenyo wa ukuta naona kipimajoto cha zamani, kile cha mshale, kilichofungwa begani mwa tangi. Skrini ikisema themanini na tatu na mshale ukisema sabini na saba, nafungua mvuke. Skrini ikijishukia yenyewe, nafunga. Duniani kote skrini huiga tangi. Hapa kwetu tangi linaiga skrini, na anayeliigiza ni mimi.

Sabuni ilitoka safi. Mpimaji wa maabara akasema hajaona sabuni ya namna hii mwaka huu. Niliposikia hivyo niliogopa kuliko jana, kwa sababu jana ningeweza kusema ilikuwa majaribio.

Na kuna jambo baya zaidi. Zamani Shemeji alikuwa akipanda ngazi kila mara kwenda kuutazama mshale. Leo hakupanda hata mara moja. Alikaa kwenye stuli mbele ya skrini, tangi likiwa mgongoni kwake. Nilimuuliza jioni, kwa mzaha, mbona hapandi tena. Akasema mtu akishakuwa na shemeji kama mimi, kupanda ngazi ni kunidharau.



Ijumaa, 13 Juni

Meneja kakiondoa kipimajoto.

Alikuja na spana mwenyewe, kanyoosha shati, kapanda jukwaani, akakifungua. Akasema kizazi cha mishale kimekwisha. Akaziba tundu, akakipeleka ofisini kwake, akakiweka rafuni karibu na kombe la mpira la idara. Kabla ya kukifungua aliniuliza kama nina pingamizi. Moyoni nililia hapana, mzee, usikiguse. Mdomoni likatoka kwamba ni uamuzi wa busara.

Sasa mimi mwenyewe ni kipofu. Joto la kweli sijui ni ngapi. Natumbukiza vidole kwenye kikombe cha maji, nanyunyizia tangi ubavuni. Tone likiteleza, bado. Tone likifuka, karibu. Tone likikauka papo hapo, nafunga mvuke na kusoma dua. Kiwanda kizima kinategemea kikombe cha maji, na hakuna anayejua isipokuwa mimi na kikombe.

Mchana nikamfuata Miwani kwa ujanja. Nikamwambia nina binamu, yuko kiwanda kingine, ana skrini isiyotaka kuongea na kidhibiti, afanyeje. Miwani hakunitazama. Alikuwa anasoma maandishi yaliyo chini ya feni. Akauliza kama binamu hakuipa skrini namba ileile ya kidhibiti. Maana wakiwa na namba moja, kila mmoja anadhani anayeitwa ni yule mwingine, hakuna anayejibu. Nikamwambia binamu yangu si mjinga wa kiwango hicho.

Nikarudi kabatini. Nikamulika ubavu wa kidhibiti. Namba moja.

Nilikaa kwenye kigoda nikifikiri. Kugusa mara mbili tu, ningekuwa huru. Lakini nikibadilisha, aliyeiunga skrini ni nani? Ni Miwani! Ningekaa kwenye kiti cha fundi mkuu kwa akili ya Miwani. Isitoshe Shemeji alikuwa katikati ya mpiko, na kuitoa skrini ndotoni mbele yake kungeleta maswali. Nikaamua nitaitafuta njia yangu mwenyewe wiki ijayo.

Jioni meneja akaniambia Jumatatu nifike ofisini kwake, kuna habari njema. Mke wangu kanipigia pasi shati.

Jumatatu, 16 Juni

Nimeandika tarehe mara tatu ndipo ikasomeka. Mwandiko huu si wangu.

Shemeji alianza mpiko mapema. Nikafungua mvuke, nikakoroga. Kisha meneja akatuma mtu: njoo. Nikauacha mvuke wazi, nikidhani nitarudi mara moja. Nikamwambia Shemeji asiguse chochote mpaka nirudi. Akauliza sababu. Nikasema skrini inapumua. Akakubali, akaniambia niende, na kwamba leo nyumbani tutacheka.

Ofisi ya meneja ina dirisha linalotazama ukumbi wa mitambo. Akanikaribisha kiti. Akaanza kunieleza alivyoanza kazi, akibeba magunia, hakuna aliyemtegemea. Mimi jicho moja kwake, jicho moja dirishani. Namwona Shemeji kwenye stuli yake. Namwona anaitazama skrini. Namwona anainuka.

Akatangaza. Sauti yake ilifika mpaka ofisini, safi kabisa. Nazima mvuke.

Skrini imesema umezimwa, bila shaka. Nyuma ya kabati hakuna mtu. Mvuke unaingia.

Nilipaswa kuruka. Naandika hapa kwa sababu hapa hasomi mtu: sikuruka. Meneja alikuwa amefika kwenye magunia ya mwaka wa tatu, na neno lenyewe alikuwa hajalitamka. Nikijiondokea kabla hajalitamka, anaweza kulighairi. Kwa hiyo nilikaa. Nilitabasamu, nikaitikia kwa kichwa, nikamsikiliza mtu akisimulia maisha yake huku nikimtazama shemeji yangu akiwa ameyapa mauti mgongo. Nikamwomba Mungu amharakishe meneja.

Akatamka. Fundi mkuu. Nikasema ahsante. Nikakimbia.

Nilipofika, povu lilikuwa limeshapanda mpaka kwenye mdomo wa tangi, jeupe, zito, linahema. Shemeji yuko chini yake, ananitazama mimi ninavyokuja mbio, anacheka, anadhani nakuja na furaha. Nyuma yake skrini imeandika themanini na mbili. Nilimshika ukosi wa ovaroli, nikamvuta, tukaanguka wote. Sabuni ikashuka pale kwenye stuli. Sauti yake sitaisahau. Ilikuwa kama mtu anayemwaga uji. Iliupata mguu wake mmoja. Nikapiga kile kitufe chekundu cha dharura kwa kiwiko, nikamburuta hadi bombani, nikamvua buti, nikamwagia maji, nikamwagia maji, yeye analia, na mimi nalia zaidi yake.

Ukumbi ukajaa watu. Wote walitazama sakafu. Wakanitazama mimi, wakasema nimemwokoa. Ni Miwani peke yake aliyekuwa akitazama skrini. Tangi lilikuwa nusu tupu, umeme wa mitambo umekatwa ukabaki wa skrini tu, sabuni iko sakafuni. Na skrini ilikuwa inasema themanini na nne, inakoroga, taa ya kijani.

Jumanne, 17 Juni

Meneja kaniita tena. Safari hii sikuonyeshwa kiti.

Miwani alifungua nyuma ya kabati jana hiyohiyo. Kigoda kilikuwa mezani kwa meneja. Na mto. Na chupa ya chai, na kioo cha mke wangu. Kipimajoto rafuni kilikuwa kimegeuziwa uso ukutani. Meneja alizungumza kwa sauti ndogo sana, na ningependelea afoke. Akasema mwenye kiwanda ameshaambiwa kwamba valvu kuukuu ilikwama, na itabaki hivyo, kwa sababu akijua habari ya skrini atauliza nani aliyeondoa kipimajoto. Funika kombe mwanaharamu apite. Mimi nikae nyumbani mpaka nitakapoitwa. Nisikanyage kiwandani. Kiti cha fundi mkuu nisikitaje hata usingizini.

Nyumbani nimesema nimepewa mapumziko kwa ushujaa.

Sikupanga kusema hivyo. Nilikuta mama mkwe amekuja kumwona mwanawe, akainuka, akanikumbatia, akaniita mwanangu. Hajawahi. Siku zote huniita huyo. Mke wangu macho yamemvimba, ananitazama kwa namna aliyonitazama wakati wa uchumba. Sasa katika hali hiyo ningesema nini?

Shemeji yuko sebuleni, mguu umefungwa bandeji juu ya mto. Daktari kasema buti limemsaidia, atapona upesi, atachechemea kidogo. Kila mgeni akija anasimuliwa nilivyomvuta. Kila mgeni akija tangi linakuwa kubwa zaidi na mimi nakimbia kasi zaidi. Anapofika mahali pa kusema kwamba nilitokea ghafla kana kwamba nilijua, mimi huenda kuchota maji.

Naogopa. Siogopi kufukuzwa, hilo limeshapita. Naogopa kwamba meneja angekuwa na hadithi ya magunia ya mwaka wa nne, saa hizi uani pangekuwa na turubai na watu wa matanga.

Alhamisi, 19 Juni

Miwani kaja kumjulia hali mgonjwa. Kaja na machungwa. Nilimpokea machungwa mlangoni kabla hajasema neno.

Nikakaa katikati yao. Akimuuliza Shemeji mguu unaendeleaje, najibu mimi, unaendelea vizuri. Shemeji akimuuliza kiwandani kukoje, najibu mimi, shwari. Miwani akamenya chungwa moja taratibu akisoma kibandiko chake. Mke wangu akaniita jikoni kusaidia kufungua kopo. Nikasema kopo lisubiri. Akaniuliza tangu lini nimependa maongezi ya Miwani kiasi hiki.

Nilimsindikiza mpaka nje ya geti. Hapo akazungumza. Ameipa skrini namba mbili. Wakaanza kuongea na kidhibiti papo hapo. Vitufe vinafanya kazi, mvuke unafungwa, kikorogeo kinazunguka upande unaotakiwa. Nikasema vizuri. Akasema si vizuri. Joto halisomeki sawasawa. Likizidi themanini, skrini inasema pungufu, wakati mwingine nyuzi kumi nzima. Anadhani kihisi, kile kinachopima joto ndani ya tangi na kukiambia kidhibiti, kiliharibika siku ile ya mwagiko, ameagiza kingine, hakijafika. Kipimajoto cha mshale kimerudishwa begani mwa tangi. Kwa sasa mwendeshaji lazima apande, autazame mshale, asiamini skrini kwa habari ya joto.

Waendeshaji wengine wameshaambiwa. Amebaki Shemeji, na anaanza kazi Jumatatu asubuhi. Miwani mwenyewe yuko zamu ya mchana, hatamwona. Akasema angeweza kumwambia pale sebuleni, lakini meneja anataka litoke kwangu, pamoja na lile lingine la nyuma ya kabati. Akavua miwani zote mbili. Sikujua ana macho madogo namna ile. Akasema mtu huyu anakupenda, mwambie.

Nikaahidi. Niliahidi kwa moyo wote, mpaka nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili.

Jumapili, 22 Juni

Nilijaribu asubuhi. Shemeji alikuwa uani anapiga pasi ovaroli. Nikamwambia kuna jambo. Akaweka pasi chini, akasema hata yeye ana jambo, akanishukuru kwa maisha yake, akalia. Mtu mzima mwenye ndevu. Nikasahau jambo langu.

Nilijaribu mchana. Mama mkwe alikuwepo, amenipakulia mimi kwanza.

Jioni wakaja wenyewe. Nilikuwa sebuleni, wakakaa wote wawili, kaka na dada. Mke wangu akaniuliza, kesho kaka yangu anarudi pale pale, sasa hiyo skrini inasema kweli? Ulikuwa mlango uliofunguliwa wazi, sikuhitaji hata kubisha hodi. Nikavuta pumzi. Shemeji naye akadakia kwamba amesikia kipimajoto kimerudishwa, je, apande kukitazama kama zamani? Kwa sababu mguu, kwenye ngazi, bado unamuuma sana.

Walinitazama. Ule mtazamo wa wiki nzima hii. Nikaona kwamba nikisema apande, nitaulizwa kwa nini. Nikisema kwa nini, nitaulizwa tangu lini. Baada ya tangu lini, nitakuwa huyo, na hata huyo litakuwa jina la heshima.

Nikamwambia asipande ngazi na mguu huo. Nikasema mshale wameurudisha kwa ajili ya wageni wanaopenda mambo ya zamani. Akauliza kama nimeihakiki skrini mimi mwenyewe. Nikasema kwa macho yangu haya. Akapumua. Mke wangu akaniletea chai, akakaa karibu nami, akaegemea bega langu.

Sasa wamelala na mimi siwezi. Najipa moyo. Miwani ni mtu wa kuzidisha. Nyuzi kumi zake huenda ni mbili. Tena hajawahi kuunga kitu vibaya, hilo nimelikana kwa miaka mingi na usiku huu nalikiri mbele ya Mungu, na namwomba liwe kweli mpaka zamu ya asubuhi iishe.

Nimeshaamua la kufanya. Alfajiri nitatangulia, nitasimama nje ya ukuta wa kiwanda upande wa tangi, nisikilize. Nikimsikia Shemeji anatangaza mpaka mwisho wa mpiko kwa sauti yake ya kawaida, nitajua mambo ni shwari. Hapo nitaenda moja kwa moja getini, niombe kumwona meneja, nimweleze kwamba ile namba mbili Miwani aliipata kwangu.